Austria: Njia za milimani ni bure, gharama ni za nani?

Kwa wapenda kutembea katika milima na maziwa ya Austria, Oktoba ndio mwezi wa mwisho wenye neema. Hewa huwa kavu na angavu, ukungu wa asubuhi hutanda juu ya maziwa ya eneo la Salzkammergut na kutoweka kabla ya adhuhuri, na kwenye miteremko mti uitwao lariksi, ambao ni wa jamii ya msonobari lakini hupukutisha majani yake, hugeuka rangi ya dhahabu. Wageni wengi, hasa kutoka Ujerumani, huvuka mpaka kila mwisho wa wiki kwenda kuitazama rangi hiyo. Hawalipi kiingilio, hawaombi kibali, wala hawalazimiki kuajiri kiongozi.

Wanaozitunza njia hizo ndio wanaosema kwamba hali haiwezi kuendelea hivyo. Mwaka 2024, jumuiya ya vyama vya wapanda milima nchini Austria ilitoa wito wa dharura, ikiitaka serikali mjini Vienna itenge euro milioni 95 ili kuviokoa vibanda vya milimani na njia za miguu. Serikali iliyoingia madarakani Machi 2025 ilikuta hazina imepungukiwa, na Julai mwaka huo huo Umoja wa Ulaya ukaanzisha dhidi ya Austria utaratibu unaozihusu nchi zenye nakisi ya bajeti iliyopita kiasi. Ombi la wapanda milima limejikuta kwenye foleni moja na pensheni, hospitali na reli, na si vigumu kukisia ni nani hupewa nafasi ya mbele katika foleni ya namna hiyo.

Kabla ya kuendelea, neno moja kuhusu majira yenyewe. Kamusi hutupatia "vuli" kwa ajili ya miezi hii ya Ulaya, lakini kwa msomaji wa Tanga au Mombasa vuli ni mvua fupi, ilhali kwenye milima ya Alps huu ndio wakati ambao watu huusubiri kwa sababu ngurumo za kiangazi zimekoma. Wafasiri tumezoea kuandika "mapukutiko", na hilo ndilo litakalotumika hapa.

Haki isiyo na tiketi

Msingi wa uhuru wa mtembeaji ni wa kisheria. Sheria ya misitu ya Austria ya mwaka 1975 inampa kila mtu haki ya kuingia msituni kwa ajili ya mapumziko, hata kama msitu huo ni mali ya mtu binafsi. Juu ya mstari ambapo miti hukoma, haki hiyo hutegemea sheria za majimbo na mahali pengine desturi ya miaka mingi. Ng'ambo ya mpaka, jimbo la Bavaria nchini Ujerumani lilikwenda mbali zaidi: katiba yake ya mwaka 1946 inatamka kwamba kila mtu ana haki ya kuufurahia uzuri wa asili, na inataja misitu, malisho ya milimani na maziwa.

Kwenye maziwa ya Austria, hata hivyo, uhuru huo hufika mahali ukagonga uzio. Anayeshuka kutoka mlimani kwenda Attersee au Wörthersee hugundua kwamba sehemu kubwa ya ufukwe imezungushiwa kuta za nyumba za kifahari, na kwamba mwenye kutaka kuyagusa maji hana budi kutafuta sehemu ndogo zilizoachwa kwa umma. Mlima uliachwa wazi kwa sababu zamani haukuwa na thamani sokoni. Ufukwe ulikuwa nayo.

Lakini haki ya kupita si sawa na njia. Sheria haichongi ngazi kwenye mwamba wala haipaki rangi nyekundu na nyeupe juu ya jiwe ili mtu asipotee katika ukungu. Kazi hiyo ilichukuliwa na vyama vya kiraia. Chama cha Wapanda Milima cha Austria kilianzishwa mwaka 1862, cha Ujerumani mwaka 1869 mjini München, na mwaka 1873 vikaungana kwa miongo mingi. Walichokifanya baada ya hapo hakina mfano mwingi duniani: waliigawa milima ya Alps ya mashariki vipande vipande, na kila tawi, hata la mji ulio mamia ya kilomita kutoka mlima wowote, likapewa kipande chake cha kutunza. Wanachama wa Berlin, mji uliojengwa juu ya tambarare ya mchanga, walijenga mwaka 1879 nyumba yao katika bonde la Zillertal, kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 2,000. Bado ipo. Ramani ya Tirol hadi leo imejaa majina ya miji ya Ujerumani: Braunschweig, Stuttgart, Karlsruhe.

Mojawapo ya nyumba hizo lina kisa kinachotuhusu. Purtschellerhaus iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, katika milima iliyo kati ya Berchtesgaden na Salzburg, na mpaka wa Ujerumani na Austria unapita katikati ya jengo lenyewe. Imepewa jina la Ludwig Purtscheller, mwalimu wa mazoezi ya viungo wa mjini Salzburg, ambaye tarehe 6 Oktoba 1889 alifika pamoja na Hans Meyer kwenye kilele cha Kilimanjaro, kilele ambacho Meyer alikiita kwa jina la Kaisari na ambacho leo kinaitwa Uhuru. Tanzania humkumbuka pamoja nao Yohani Kinyala Lauwo, Mchaga aliyewaongoza. Hakuna kibanda upande huu kilichopewa jina lake.

Uhuru wa milima haukuwa wa wote hata hapa. Mwaka 1924 muungano wa vyama vya Ujerumani na Austria ulilifukuza tawi la Donauland la Vienna, ambalo wanachama wake wengi walikuwa Wayahudi, na kwenye milango ya vibanda vingi yakabandikwa matangazo kwamba Wayahudi hawakaribishwi. Hayo yalitokea miaka kadhaa kabla ya Hitler kuingia madarakani. Vyama hivyo leo huyasema mambo haya waziwazi katika machapisho na maonyesho yao, na ni vyema, kwa kuwa chombo kinachoitunza njia kwa niaba ya umma hakikosi kuwa na uwezo wa kuamua umma huo ni nani.

Rangi, kamba na helikopta

Hivi sasa vyama hivyo vinahudumia nchini Austria vibanda 272 vilivyo katika maeneo magumu kufikika, na njia zenye urefu wa takribani kilomita 50,000. Chama cha Ujerumani peke yake kina wanachama wapatao milioni 1.5, na cha Austria zaidi ya 700,000 katika taifa la watu milioni tisa. Wengi wao hujiunga kwa sababu za kawaida kabisa: kadi ya uanachama hupunguza bei ya kitanda kibandani na huambatana na bima ya uokoaji, jambo la maana katika nchi ambayo anayeokolewa kwa helikopta huweza kutumiwa hati ya malipo nyumbani. Sehemu ya ada zao ndiyo hununua rangi, mbao na kamba za chuma.

Kazi yenyewe hufanywa na watu wanaojitolea. Mapema Juni, theluji inapoyeyuka, hupanda na majembe na misumeno kuangalia majira ya baridi yameharibu nini. Huzibua mifereji ya maji, maana njia ya mlimani hufa kwa maji kabla ya kufa kwa miguu ya watu. Huondoa miti iliyoanguka, hufunga upya kamba za chuma kwenye sehemu zenye magenge, hupaka alama upya. Mfumo huo ulitosha kwa zaidi ya karne moja kwa sababu mlima ulikuwa hauendi mahali. Jioni mbili za kazi na ndoo ya rangi ziliweza kuiweka njia katika hali njema kwa miaka.

Sasa jembe halitoshi. Daraja lililosombwa na mafuriko ya ghafla huhitaji mhandisi na helikopta. Kibanda kilichojengwa miaka mia moja iliyopita hutakiwa kutimiza kanuni za leo za majitaka, moto na umeme, na kila mfuko wa saruji hupelekwa huko ama kwa helikopta ama kwa kamba ya mizigo. Gharama za ujenzi ziliruka baada ya janga la corona na vita vya Ukraine, na zilipanda zaidi kule ambako malori hayafiki. Tawi la mji mdogo lenye wanachama elfu mbili au tatu haliwezi kubeba ukarabati wa mamilioni ya euro. Jumuiya ya vyama inaonya kwamba bila fedha baadhi ya nyumba hizo zitafungwa moja kwa moja, na njia zinazoziunganisha nazo zitakosa mtu wa kuzitunza.

Mlima unaolegea

Chanzo kikubwa cha mzigo huu mpya ni joto. Juu ya mwinuko wa mita 2,500 hivi, nyufa za miamba ya Alps zimejaa barafu ambayo kwa maelfu ya miaka ilifanya kazi ya saruji. Barafu hiyo inapoyeyuka, mlima hulegea. Tarehe 11 Juni 2023, sehemu ya kilele cha Fluchthorn, kwenye mpaka wa Tirol na Uswisi, iliporomoka: zaidi ya mita za ujazo milioni moja za mawe zilishuka bondeni, na msalaba uliosimama kileleni ukaenda nazo. Hakuna aliyeumia. Tarehe 28 Mei 2025 ilikuwa zamu ya Uswisi, pale mlima ulipoporomokea mto wa barafu na vyote viwili vikakifukia kijiji cha Blatten. Wakazi wapatao 300 walikuwa wamehamishwa siku chache kabla.

Matukio makubwa ya aina hiyo hupata picha na vichwa vya habari. Kwa mtembeaji, yaliyo madogo ndiyo yenye uzito zaidi: njia ambayo bibi yake aliipita juu ya barafu tambarare sasa inaishia kwenye ukuta wa kifusi unaoteleza, na ili kumfikisha upande wa pili ni lazima ichongwe njia nyingine, ndefu zaidi, yenye ngazi za chuma. Pasterze, mto mkubwa kuliko yote ya barafu nchini Austria, chini ya mlima Grossglockner wenye mita 3,798, ulirudi nyuma kwa zaidi ya mita 200 katika mwaka mmoja wa vipimo, 2022 hadi 2023. Wapimaji wa chama cha Austria, ambao nao wanajitolea, walikadiria mwaka 2024 kwamba katika miaka 40 hadi 45 nchi hiyo itabaki karibu bila barafu ya milimani. Kwa wasomaji walioona jinsi kofia nyeupe ya Kibo ilivyopungua, habari hii si ngeni.

Barafu inapokwisha, maji nayo huadimika. Vibanda vingi vilijengwa makusudi karibu na maji yanayotiririka kutoka kwenye barafu. Katika kiangazi kikavu cha 2022, baadhi yake vililazimika kufunga milango kabla ya msimu kwisha kwa sababu mabomba yalikauka, huku wageni wakiwa bado wanapanda.

Wakati huo huo msimu unarefuka. Septemba ya 2023 ilikuwa Septemba yenye joto kubwa kuliko zote tangu vipimo vianze kuwekwa nchini Austria, na watu walitembea kwenye vilele wakiwa na mashati ya mikono mifupi. Mabonde ya chini, ambako theluji ya kuteleza imekuwa ya kubahatisha, yanauza majira ya mapukutiko kwa bidii ili kuziba pengo la majira ya baridi. Mwaka uliofuata, katikati ya Septemba, kimbunga kilichoitwa Boris kilileta mafuriko makubwa mashariki mwa nchi na theluji nzito milimani. Msimu umerefuka, lakini hauaminiki tena, na mtembeaji wa Oktoba hukumbana na tatizo ambalo yule wa Agosti halijui: vibanda vingi vimeshafungwa. Kinachobaki wazi ni chumba kimoja cha dharura chenye vitanda na jiko la kuni, na hata hicho mahali pengine huhitaji ufunguo ambao wanachama pekee ndio huazimwa. Jua hutua mapema. Miteremko inayoelekea kaskazini huwa na utelezi wa barafu nyembamba isiyoonekana.

Takribani watu 300 hufariki dunia kila mwaka katika milima ya Austria, na kutembea kwa kawaida, si kukwea miamba, ndiko kunakoongoza. Wanaokwenda kuwatafuta waliopotea ni kikosi cha uokoaji chenye watu zaidi ya 12,000, ambao karibu wote pia hawalipwi. Kila mahali unapochimba katika mfumo huu unakutana na mtu anayejitolea.

Ng'ombe, mbwa na hakimu

Yupo mshirika mwingine, na huyu hakuwahi kuulizwa kama anataka kushiriki: mfugaji. Mandhari ambayo wageni huipiga picha, yaani majani mafupi ya kijani yenye kibanda cha mbao katikati na ziwa chini yake, si kazi ya asili peke yake. Ni kazi ya meno ya ng'ombe. Austria ina malisho ya milimani yapatayo 8,000 yanayotumika kila kiangazi, na pale yanapoachwa, vichaka hurudi ndani ya miaka michache na msitu hufuata. Septemba mifugo hushushwa mabondeni, na ikiwa kiangazi kimepita bila msiba, ng'ombe huvishwa mataji ya maua na kengele kubwa. Ikiwa ng'ombe au mtu wa nyumba hiyo amefariki, hushuka bila mapambo. Watalii hununua bia na kupiga picha, na wengi wao hawajui kwamba kundi lisilo na maua linawapa habari.

Maelewano kati ya mfugaji na mtembeaji yalipasuka kwa sababu ya ajali moja. Julai 2014, katika bonde la Pinnistal huko Tirol, mtalii wa Kijerumani mwenye umri wa miaka 45 aliyekuwa na mbwa wake alishambuliwa na ng'ombe wenye ndama na kufa. Februari 2019 mahakama mjini Innsbruck ilimwona mwenye ng'ombe kuwa na hatia yote ya kiraia, ikamwamuru alipe fidia ya takribani euro 180,000 pamoja na malipo ya kila mwezi kwa mume na mtoto wa marehemu. Wafugaji nchi nzima walihamaki. Baadhi yao walitishia kuyafunga malisho yao kwa watembeaji, na kwa mara ya kwanza watu wengi walitambua jinsi uhuru wa milima unavyotegemea hisani ya wenye ardhi.

Serikali ilikimbilia kutoa kanuni kumi za mwenendo, miongoni mwake kwamba mbwa afungwe kamba fupi lakini aachiliwe mara tu ng'ombe anaposhambulia, na bunge likairekebisha sheria ili wajibu wa mtembeaji mwenyewe utajwe. Mahakama ya rufaa iligawanya dhima nusu kwa nusu, na mwaka 2020 Mahakama ya Juu ikauthibitisha mgawanyo huo. Hukumu hiyo ya mwisho, kwa maoni yangu, ilikuwa ya busara kuliko ile ya kwanza na kuliko kelele zilizoifuata. Lakini haikurudisha imani yote. Mfugaji anayezungushia uzio sehemu ambayo njia hupita, anayenunua bima na kuvumilia malango yanayoachwa wazi, anabeba gharama ambayo haionekani katika hesabu ya euro milioni 95.

Majirani wamejibu vipi

Uswisi ililijibu swali hili zamani. Februari 1979 wapiga kura wake walikubali njia za miguu ziingizwe katika katiba, na sheria iliyofuata mwaka 1985 iliyapa majimbo wajibu wa kuzipanga, kuzitunza na kutafuta mbadala pale njia inapoondolewa. Leo nchi hiyo ina kilomita zipatazo 65,000 za njia zenye mabango ya manjano ambayo yanajulikana karibu kama saa zake. Wapo wanaojitolea huko pia, lakini nyuma yao kuna idara, bajeti na mtu wa kushtakiwa. Njia ya miguu huhesabiwa kuwa miundombinu, kama barabara.

Italia imekwenda upande wa pili. Katika jimbo la Tirol Kusini, wenye magari hawaingii kwenye bonde la ziwa Braies katika wiki za kilele cha kiangazi bila kuweka nafasi mapema. Na mwaka 2025, kwenye mlima Seceda, wenye ardhi waliweka lango la kuzunguka na kuanza kutoza euro tano kwa kila mgeni, wakilalamika kwamba majani yao yamekanyagwa na kwamba mamlaka zimewapuuza. Picha za lango hilo la chuma katikati ya malisho zilizunguka dunia. Wengi walicheka. Vyama vya Austria havikucheka, kwani vinajua ni wafugaji wangapi upande wao wa mpaka waliolitazama lango hilo kwa makini.

Na kuna jibu la Kilimanjaro, ambalo kwa wasomaji wa Afrika Mashariki ndilo la kawaida: mgeni hulipa makumi ya dola kwa kila siku anayokaa hifadhini, kiongozi ni lazima, na wapagazi hubeba mizigo. Mzungu anayezoea uhuru wa Tirol hunung'unika langoni Marangu. Asichokiona ni kwamba ada hiyo hulipia njia, vyoo, askari wa hifadhi na pia mbuga ambazo haziingizi kitu. Upande wa pili wa mizani ni kwamba mtoto wa mkulima wa Rombo anauona mlima huo maisha yake yote kutoka chini, ilhali mtoto wa Tirol hupelekwa kibandani na shule yake. Tozo ya langoni huleta fedha, na hapo hapo humgeuza mlima kuwa bidhaa ya mgeni.

Austria haina haja ya kuchagua kati ya lango na ombaomba. Mwaka 2024 nchi hiyo ilirekodi zaidi ya siku milioni 150 za wageni kulala hotelini na katika nyumba za kulala wageni, na Wajerumani ndio kundi kubwa kuliko yote kutoka nje. Senti 50 kwa kila usiku zingezaa zaidi ya euro milioni 75 kwa mwaka. Hesabu hii ni ya mkono, na ina kasoro: inawajumuisha watelezaji theluji wa Februari na wahudhuriaji wa mikutano mjini Vienna ambao hawajawahi kukanyaga mlima. Hata nusu yake, hata hivyo, ingeumaliza ule mzigo wa euro milioni 95 katika muda usiofika miaka mitatu. Kwamba jambo hilo linawezekana limeshaonyeshwa na jimbo la Salzburg, ambako Mei 2025 wageni walianza kuchangia senti 50 kwa usiku na wao hupanda mabasi na treni za jimbo bila nauli. Ikiwa basi linaweza kupata fungu lake, njia ambayo basi hilo humshushia mgeni mlangoni pake inakosaje?

Wenye hoteli hujibu kwamba tayari hulipa tozo za utalii, na ni kweli. Suala ni zinakokwenda. Sehemu kubwa huishia kwenye matangazo ya kuwaita wageni wengine zaidi, hata mahali ambako wageni tayari ni wengi kupita kiasi. Hallstatt, kijiji cha watu takribani 750 kando ya ziwa, katika eneo lililoorodheshwa na UNESCO mwaka 1997, hupokea siku zenye pilikapilika hadi wageni 10,000, na mwaka 2023 wakazi waliandamana kudai idadi hiyo iwekewe kikomo. Wengi wa wageni hao hupiga picha ya mnara wa kanisa ukiwa na ziwa nyuma yake, hula aiskrimu na kuondoka baada ya saa mbili. Saa moja tu juu ya kijiji, kwenye njia za kuelekea Dachstein, unaweza kutembea bila kukutana na mtu, ukapita madaraja ya mbao yenye bamba dogo la jina la tawi linaloyatunza.

Wiki hizi matawi yanafanya kazi ya mwisho ya mwaka. Kwenye mabonde yenye maporomoko ya theluji, madaraja madogo hufunguliwa skrubu na kulazwa kando ya kijito, kamba za chuma hulegezwa zisikatwe na uzito wa barafu, na ngazi hushushwa. Mwezi Juni mtu atalazimika kupanda tena kuvirudisha mahali pake, na matawi mengi hayajui kama watu wa kutosha watajitokeza.